Skrubu ya Koki Iliyokataa Kutoka

SWALI: Ndugu Mhariri, koki ya sinki ya jikoni kwangu imekuwa ikidondosha maji kwa wiki tatu, na nikaamua kubadilisha washa, kile kipete cha mpira kinachozuia maji ndani ya koki, mwenyewe. Nilibandua kifuniko kidogo kilicho juu ya mpini nikakuta skrubu ya nyota, lakini kila nilipoizungusha bisibisi iliteleza, na sasa ile nyota imelika hadi ikawa kama shimo la duara. Mpini hautoki, na bila kuutoa siwezi kuifikia washa. Nifanye nini kabla sijaiharibu koki nzima?

JIBU: Ndugu msomaji, jambo la kwanza ni kuiweka bisibisi chini. Kila mzunguko mmoja wa kubahatisha unakula chuma kidogo kilichosalia kwenye kichwa cha skrubu, na hicho ndicho mtaji wako wote. Jambo la pili ni kukumbuka unachokitafuta. Huhitaji kuitoa skrubu ikiwa nzima. Unahitaji mpini utoke. Skrubu hiyo inaushikilia mpini kwa kichwa chake tu, kwa hiyo hata kichwa kikikatika kazi itaendelea, tena pengine kwa urahisi zaidi, kama nitakavyoeleza.

Funga koki kuu ya maji, kisha fungua hiyo inayovuja ili maji yaliyobaki yatoke. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa sababu vipande vidogo vya chuma vikiingia humo hutavipata tena.

Sasa chukua sindano na tochi, uchokoe ndani ya kichwa cha skrubu. Mara nyingi nyota haijaharibika kwa kiasi unachodhani: imejaa ukoko mweupe wa chokaa ya maji na sabuni iliyokauka, na bisibisi ilikuwa imekaa juu juu bila kugusa chini. Ukiuona ukoko huo, weka pamba iliyolowa siki juu ya skrubu kwa saa moja au mbili, uchokoe tena, usuuze na kukausha. Usiiache siki usiku kucha, kwani inaweza kuharibu mng'ao wa koki. Baada ya hapo tia matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu na uyape muda. Nusu saa ni kidogo, usiku mmoja ni bora. Skrubu ya chuma iliyofungwa kwenye mhimili (kile kijiti cha ndani ya koki kinachozungushwa na mpini) wa shaba ya manjano na kulowa maji kwa miaka huliwa na kutu upesi kuliko ambavyo ingeliwa peke yake, kwa kuwa metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji chuma ndicho kinachoumia. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hujaza mianya ya hesi, yaani ile mifereji inayozunguka shina la skrubu, na kuibana skrubu kama kabari.

Hakiki pia bisibisi yenyewe. Skrubu za nyota si za aina moja: ile ya Phillips ina mikono minne tu, ilhali ile ya Pozidriv ina mistari minne myembamba katikati ya mikono hiyo. Ukitumia bisibisi ya Phillips kwenye skrubu ya Pozidriv itateleza hata skrubu ikiwa mpya, na nadhani wengi wanaolalamikia skrubu mbovu walianzia hapo. Namba nayo ni muhimu: ncha namba 1 kwenye kichwa cha namba 2 hucheza, na kinachocheza hula kingo.

Ukishapata bisibisi inayokaa sawasawa, isimamishe wima juu ya skrubu na uigonge kwa nyundo mara nne au tano, si kwa nguvu za kuvunja bali kwa mapigo mafupi makavu. Mtikisiko huo huvunja mshiko wa kutu. Mtu mwingine aishike koki kwa chini wakati unagonga, kwa maana sinki ya kauri haisamehe. Kisha shika mpini kwa mkono mmoja usizunguke, sukuma bisibisi chini kwa uzito wa bega, na uikaze skrubu kidogo sana kabla ya kuilegeza kinyume na saa. Kukaza kitu unachotaka kukilegeza kunaonekana kama kichekesho, lakini hatua hiyo ndogo mara nyingi ndiyo inayoikata kutu. Iwapo bisibisi bado inateleza, weka kipande cha mpira mpana, kama ule wa kufungia karatasi, kati ya ncha na kichwa. Mpira hujaza mapengo na kuongeza mshiko. Njia hiyo husaidia kwa skrubu iliyolika kidogo. Kwa iliyogeuka duara kabisa, usiitegemee.

Wapo watakaokushauri kuchonga mfereji mpya kwa msumeno wa chuma ili utumie bisibisi bapa. Ni ushauri mzuri kwa skrubu iliyochomoza. Ya koki hukaa ndani ya kishimo cha mpini, na msumeno haufiki huko.

Kwa hiyo linabaki suluhisho ambalo watu huliogopa bila sababu: kukitoboa kichwa mpaka kikatike. Tumia keekee ya betri, si ya waya, kwa kuwa uko karibu na maji, na uvae miwani ya kinga. Weka alama katikati kabisa ya kichwa kwa kugonga msumari mgumu, ili ncha ya keekee isitoroke. Anza na ncha ya milimita 2, kwa mwendo wa polepole na tone la mafuta, kisha upande hadi ncha yenye upana sawa na shina la skrubu. Ikiwa skrubu ni ya milimita 4, ncha iwe ya milimita 4. Usiende chini zaidi ya unene wa kichwa, yaani milimita 2 au 3. Utaona vipande vya chuma vikipanda kama nywele za kujikunja, kisha ghafla kichwa kitaachia na kuanza kuzunguka pamoja na ncha kama pete. Simama hapo hapo.

Mpini sasa utavutwa juu, na kisiki cha skrubu kitabaki kimesimama kwenye mhimili. Kichwa hakivuti tena, shina halina mkazo, na mafuta ya kulegeza kutu yanaweza kufika moja kwa moja kwenye mzizi wa hesi. Yatie, subiri, kisha ubane kisiki kwa koleo la kujibana, lile mafundi wanaloliita vaisigripu, na uzungushe taratibu kwenda na kurudi. Visiki vingi hutoka vyenyewe bila ubishi.

Kipo pia kifaa maalumu cha kung'olea skrubu, chenye hesi ya kinyume, kinachoingizwa kwenye tundu lililotobolewa. Hufanya kazi, lakini kwa skrubu ndogo kama hii ni chembamba, na kikikatikia ndani utakuwa umeacha chuma kigumu ambacho keekee yako haitaweza kukitoboa. Mimi hukiweka mwisho kabisa.

Unaporudisha, tumia skrubu mpya ya chuma kisichoshika kutu, uipake grisi ya silikoni kidogo, na usiikaze kwa hasira. Mpini huuzungusha mhimili kwa meno yaliyo kwenye mhimili huo. Skrubu inazuia tu mpini usichomoke juu.

SWALI: Nimeshatoa mhimili, lakini skrubu ndogo inayoshikilia washa upande wa chini nayo imelika. Je, niitoboe vilevile?

JIBU: Hapana. Pale shaba ni laini, nafasi ni finyu, na hata ukifaulu utakuwa na hesi iliyochoka. Peleka mhimili wote kwa muuza vifaa vya mabomba ili akupe mwingine unaolingana nao kwa urefu na kwa hesi.

SWALI: Sina mafuta ya kulegeza kutu. Mafuta ya kupikia yanafaa?

JIBU: Hayafai. Ni mazito, hayapenyi kwenye mianya ya hesi, na yakikaa hugeuka gundi, hivyo atakayeifungua skrubu hiyo baadaye atataabika kuliko wewe.