Maswali na Majibu: Kufa kwa Dadu Moja

Swali (Langoni, Lamu): Naendesha Dungeons & Dragons ya 2014, mchezo wa mezani wa kuigiza kwa masimulizi na dadu. Wachezaji wanne waliingia kwenye gofu wakakutana na Medusa, jitu ambalo mtazamo wake hugeuza mtu jiwe. Wawili wakageuka jiwe mwanzo wa zamu yao, kabla ya kufanya lolote, wakakaa barazani kutazama wenzao hadi tukafunga. Niufute uchawi wa aina hii?

Jibu: Usiufute, maana hofu yake ndiyo utamu wake. Ila piga hesabu kabla hujaketi. Lengo la Medusa, yaani jumla ya kufikia ili kuepuka mtazamo wake, ni 14. Mwenye nyongeza ya 3 ya siha ahitaji 11 kwenda juu kwenye dadu ya pande 20, yaani nusu kwa nusu. Kwa watu wanne wa aina hiyo, nafasi ya wote kupita mtazamo wa kwanza ni 1 kati ya 16. Kanuni hugeuza jiwe papo hapo anayepungukiwa kwa 5 au zaidi. Wengine waliokosa hunasa, kisha hurusha tena mwisho wa zamu inayofuata. Mwenye nyongeza ya 3 ana asilimia 30 ya kuwa jiwe bila kufanya lolote, na 40 ukijumlisha rusho la pili.

Ondoa hicho kipengele cha 5, uweke hatua tatu. Akikosa mara ya kwanza, miguu inashika chini. Ya pili, ugumu umefika kiunoni: akishambulia arushe dadu mbili ashike ndogo. Ya tatu ndiyo jiwe. Hapo hatari inashuka hadi asilimia 12.5, na katikati wenzake wana zamu mbili za kumziba macho kwa kitambaa au kumvuta nyuma ya nguzo.

Muhimu zaidi, onya. Kwenye mlango wa mawe ya matumbawe weka sanamu ya mwanamke aliyevaa vazi la buibui, kiganja kimeziba macho, vidole vimeachana kidogo. Usieleze zaidi. Asiyeshtukizwa anaruhusiwa kugeuza uso asitazamwe, lakini naye hamwoni Medusa mpaka zamu yake ijayo. Wachezaji waijue kanuni hiyo mapema, la sivyo hawana uamuzi wa kufanya, wana bahati tu.

Swali (Shela): Mchezaji wangu akipoozwa na Hold Person huchukua simu yake. Nifanyeje?

Jibu: Ana haki. Uchawi huu hudumu hadi dakika moja, mizunguko 10, na ingawa hurusha dadu kila mwisho wa zamu, akikosa mfululizo jioni yake imekwisha. Mpe biashara: mwanzo wa zamu yake akubali kuumia 2d6 (jumla ya dadu mbili za pande sita) ili arushe mara moja zaidi. Hiyo si kanuni ya kitabuni, ni nyongeza yetu, na inamrudisha mezani kwa sababu ana cha kuchagua. Angalia pia adui aliye karibu: kila pigo lake likimpata aliyepooza, akiwa ndani ya futi 5, huhesabiwa la hatari na dadu za maumivu huzidishwa mara mbili. Maadui wawili wa upanga hapo humuua mtu. Wapeleke kwingine.

Swali (Kipungani): Na wachezaji wakimmaliza jitu mkuu kwa uchawi mmoja?

Jibu: Baadhi ya majitu makuu ya 2014 yakikosa rusho la kujiokoa, huweza kuligeuza limefaulu hadi mara tatu kwa siku. Unapotumia nafasi moja, itangaze wazi ili waone zinapungua. Majitu madogo yaache yafe.

Swali (Mkomani): Mtu keshakufa au keshakuwa jiwe. Anarudije?

Jibu: Revivify, uchawi wa ngazi ya 3, humrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja kwa almasi za thamani ya sarafu 300 za dhahabu. Raise Dead, ngazi ya 5, hutoa siku 10 na hudai almasi ya 500. Aliye jiwe huponywa na Greater Restoration, nayo ngazi ya 5, kwa unga wa almasi wa 100. Kuhani hafikii uchawi wa ngazi ya 5 mpaka yeye mwenyewe awe mhusika wa ngazi ya 9, na Medusa amepimwa kwa kundi la ngazi ya 6. Ndiyo maana wengi hukwama: ugonjwa unakuja kabla ya dawa. Ukiamua kumtumia, weka chupa moja ya dawa ya kuondoa ujiwe ndani ya gofu lenyewe, mahali panapofikika hata wawili wakiwa wamebaki, na almasi ya 300 kwenye hazina ya kikao kilichotangulia.