Kabla ya kufunga begi, tafuta anwani

Kila mwaka ikifika Agosti napokea ujumbe kutoka nyumbani: "Dada, nimepata chuo Ujerumani. Nibebe nini?" Wanauliza koti, unga, dagaa. Unga utaupata kwenye maduka ya Waafrika, mdogo wangu. Niambie kwanza: utalala wapi, na mwenye nyumba atakuandikia karatasi?

Nilifika Leipzig mwishoni mwa Septemba. Nilikuwa nimepanga chumba cha mwanafunzi aliyesafiri, wiki tano. Sheria ya kule inakutaka ujiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie, nao wanadai karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi pale. Yule mwanafunzi hakuwa na ruhusa ya kupangisha, kwa hiyo karatasi sikupata. Benki niliyoiendea ikataka cheti cha usajili, nami sina. Bila akaunti ya benki, fedha zangu nazo hazikutoka.

Ili upewe viza, wengi wetu tusio na ufadhili tunaweka fedha za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Wakati wangu zilikuwa chini kidogo ya hapo. Hupewi zote kwa mkupuo. Kwa kiwango hicho unaachiwa euro 992 kwa mwezi, zikiingia kwenye akaunti yako ya kawaida. Baba aliuza kiwanja ili nizipate. Basi nilikula mkate na mayai mwezi mzima, fedha za kiwanja zipo na siwezi kuzigusa, na mama akipiga simu namwambia nimeshazoea. Nililia sana mwezi ule.

Kwa hiyo omba chumba cha hosteli za Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, siku ileile unapopata barua ya chuo, maana foleni ni ndefu. Ukikosa, mwulize anayekupangisha, kwa maandishi, kabla hujamtumia hata senti: naweza kujiandikisha hapa? Akikwepa swali, achana na chumba hicho. Tena uje na fedha za kula miezi miwili, mbali na zile zilizofungwa. Barua za ofisi huja kwa posta, na nyingi zina tarehe ya mwisho. Bahasha ifungue siku hiyohiyo. Miadi ya kibali cha ukaazi iombe mapema, usingoje viza ikaribie kuisha.

Halafu kuna giza. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi, linazama saa kumi jioni. Jumapili maduka yamefungwa, mtaa kimya. Nilipopata chumba cha hosteli, Novemba, nilijifungia humo nikadhani nimekuwa mvivu, kumbe ni upweke. Siku hizi nawasihi wadogo zangu: nenda ukale kantini ya chuo kila siku, hata kama una ugali wako chumbani. Kula na watu.

Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake ndio walionitoa chumbani. Tulikutana kila Alhamisi, wao wakihangaika na ngeli, mimi na "der" na "die" za Kijerumani, tukisahihishana bila kuoneana haya. Siku ya kuomba kibali, mmoja wao alinisindikiza ofisi ya wageni, akaketi nami mpaka namba yangu ikatokea ukutani.