Kuzunguka hoteli za Disney bila kulala huko: jibu kwa dada wa Moshi

Dada wa Moshi ameuliza hivi: mwezi wa saba anakwenda Orlando, kule Florida, Marekani, kwenye harusi ya mpwa wake, ana watoto wawili, na amepiga hesabu ya tiketi za parki za michezo za Disney akakuta ni zaidi ya dola 100 kwa kichwa kwa siku moja. Anataka kujua kama anaweza kuwapeleka watoto kwenye zile hoteli zao tu, bila tiketi na bila chumba, na kama hawatamfukuza mlangoni.

Dada, inawezekana, na hawatakufukuza. Mimi nilifanya hivyo siku nne mwaka 2023 nilipokwenda kumsalimia dada yangu anayeishi Kissimmee, jirani kabisa na Disney. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hofu unayoisema ninaijua, nusura initie uvivu nibaki nyumbani naangalia televisheni.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, mwaka wa 19 huu. Lodge za njia ya kaskazini nazijua karibu zote, lakini nazijua kwa mlango wa nyuma. Unashusha wageni mapokezi, wanapokelewa kwa vitaulo vya maji ya baridi na juisi, wewe unazungusha gari unakwenda vyumba vya madereva. Mwaka mmoja, msimu wa mvua, sina kazi, nilimchukua mama yangu nikataka akanywe chai kwenye bustani ya lodge moja ambayo nimeipelekea wageni miaka mingi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Askari wa getini ananijua kwa jina. Akaniambia, "Kaka, leo huna wageni." Nikageuza gari. Mama hakusema neno mpaka tulipofika Tengeru, akasema tununue ndizi. Sijaisahau siku ile.

Kwa hiyo dada yangu aliponiambia kule Kissimmee kwamba kesho tunakwenda kula kwenye hoteli ya Disney ambayo hatulali, moyo ulinienda mbio. Nikamwuliza mara tatu kama ni halali. Ni halali. Mapokezi, migahawa, maduka na bustani za hoteli zile ziko wazi kwa mtu yeyote aliyekuja kula au kutembea. Wenye hoteli wanataka uje, kwa sababu ukija utakula. Kisichoruhusiwa ni mabwawa ya kuogelea, hayo ni ya waliolipia chumba tu, na hili waambie watoto mapema kabla hawajaona maporomoko ya maji na matelezi yake. Korido za vyumba pia achana nazo, pale watu wamepumzika.

Ukienda na gari, kuna kibanda cha ulinzi getini. Wataomba kitambulisho na watauliza unakwenda wapi. Sema ukweli. Sisi tulisema tumekuja kula, tuna nafasi mgahawani, tukafunguliwa. Nafasi unaweka kwenye programu yao ya simu, hadi siku 60 kabla, na ukiwa na nafasi ya chakula maswali yote yanaisha. Usipokuwa nayo, sema umekuja kuangalia hoteli na kula kitu. Siku za kawaida mara nyingi watakupitisha. Siku za msongamano mkubwa, kama Krismasi au tarehe 4 Julai, hoteli zilizo karibu na Magic Kingdom, parki yao ya kwanza pale, zinaweza kukataa asiye na nafasi. Wewe unakwenda Julai, kwa hiyo ikwepe wiki hiyo.

Sasa niseme la moyoni. Kama una siku moja tu, nenda Animal Kingdom Lodge. Ilifunguliwa mwaka 2001, na sehemu yake ya pili, Kidani Village, ikafunguliwa 2009. Msanifu wa jengo lake ni Peter Dominick. Dada, ile hoteli inazungumza lugha yako. Jengo la kwanza linaitwa Jambo House. La pili Kidani. Migahawa ni Boma, Jiko, Mara na Sanaa. Bwawa moja ni Uzima, lingine Samawati. Duka ni Zawadi, na upande wa Kidani ni Johari. Na uwanda mmojawapo wa wanyama, ule unaouona ukitokea nyuma ya mapokezi ya Jambo House, unaitwa Arusha. Mwamba wa kutazamia wanyama nao ni Arusha Rock. Nilisimama juu ya mwamba wenye jina la mji ninaolala kila siku, mbele yangu twiga wanakula, na hakuna mtu aliyeniuliza leo nina wageni au sina.

Nilikuwa na mpwa wangu, ana miaka 9, amezaliwa Florida. Kiswahili chake ni "shikamoo" na "sitaki". Mama yake anafanya kazi mbili, hana muda wa kumfundisha. Mtoto akaanza kuniuliza vibao: "Mjomba, kidani ni nini?" Nikamwambia ni kile mama yako anachovaa shingoni akienda harusini. Akauliza johari, nikamwambia. Samawati, nikamwonyesha juu mbinguni. Alipofika kwenye jiko akacheka sana, kwamba mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani unaitwa jiko. Tulitembea hoteli nzima kwa mtindo huo, saa tatu, na alipopanda gari alikuwa na maneno kumi na mawili ameyaandika nyuma ya risiti. Dada yangu aliiweka ile risiti kwenye friji. Watoto wako hawatahitaji kufundishwa, wao ndio watakuwa wanawasomea wenzao, na ningependa sana wapate hiyo raha.

Mapokezi ya Jambo House yainulie macho taratibu. Dari ni la makuti, limepanda juu mno, taa zina umbo la ngao, na daraja la kamba linakatiza juu ya vichwa vya watu. Pembeni kuna Ijele, kinyago cha Waigbo wa Nigeria, kina urefu wa karibu mita 5. Watu wanapita na masanduku yao kama hawakioni. Sisi tulikizunguka mara mbili. Nina neno moja tu la kulalamika: bara zima limewekwa chini ya paa moja, Igbo na Zulu na Maasai, na mgeni anaweza kutoka pale akidhani sisi ni kijiji kimoja. Lakini vitu vyenyewe ni kazi za mikono ya watu, zimetunzwa vizuri, zina maelezo, na naona ni makumbusho ya kweli.

Wanyama utawaona kutoka kwenye mwamba na kwenye njia za kutazamia, bila kulipa. Kuna twiga, pundamilia, swala wa aina mbalimbali, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ambazo mjomba wangu wa Monduli angezungumzia mwaka mzima. Simba na tembo hawapo hotelini, hao wako ndani ya Animal Kingdom yenyewe, parki ya tiketi iliyo jirani. Mtu wa kwetu anaweza kusema, mimi nimeona Ngorongoro, twiga wa Florida wa nini? Nilisema hivyo mimi pia. Kumbe nilichokwenda kuangalia ni namna wanavyomkaribisha mtu aangalie. Kuna wafanyakazi wanasimama pale kazi yao ni kujibu maswali, na wanajibu mtoto kwa utulivu uleule wanaomjibu mzee. Beji zao zina jina na mahali wanakotoka. Nilimkuta kijana wa Botswana, tukashikana mikono kama ndugu waliopotezana. Nikamweleza kazi yangu, akamwita mwenzake aje anisikilize nikieleza twiga anavyolala.

Chakula: Sanaa, upande wa Kidani, nenda mchana, madirisha yake yanatazama uwanda wa wanyama. Agiza ile sinia ya mikate. Ni mikate ya aina 5 ya Kihindi, naani na ndugu zake, na vitoweleo 9 vya kuchovya, chatne za kila rangi. Sinia moja ilitutosha watu wazima wawili na mtoto kama kitafunwa. Ukikosa nafasi, Mara iliyoko Jambo House ni ya kuagiza kaunta, unakaa unapotaka, na pale kuna vitamu vidogo vya mviringo vilivyochorwa milia ya pundamilia. Nunua hivyo. Ni njia nzuri ya kushukuru nyumba iliyokufungulia mlango.

Hoteli hiyo iko mbali na nyingine, inafikiwa kwa basi au gari tu. Kwa siku ya pili ninakushauri ule mzunguko wa monoreli, treni ya reli moja, kwa sababu haina nauli na watoto wanaipenda. Inazunguka hoteli tatu: Contemporary na Polynesian, zilizofunguliwa siku moja na Magic Kingdom, tarehe 1 Oktoba 1971, na Grand Floridian ya 1988. Contemporary treni inapita ndani ya jengo lenyewe, katikati ya ukumbi. Ndani ya ukumbi huo kuna ukuta wa vigae uliochorwa na Mary Blair, msanii wa Disney, mrefu kama mita 27, na humo kuna mbuzi mwenye miguu mitano. Waambie watoto wamtafute, usiwaonyeshe. Yangu ilinichukua dakika ishirini na nilikuwa nimemkazia macho kweli. Grand Floridian ni ya kukaa kimya na kusikiliza piano. Polynesian ina ufukwe wa mchanga, jioni watu wanakaa pale kutazama fataki za Magic Kingdom ng'ambo ya maji, na hakuna tiketi.

Kutoka pale Magic Kingdom, nje ya geti la tiketi, kuna boti ya kwenda Wilderness Lodge. Iliyojengwa kwa magogo, ya mwaka 1994, msanifu ni yuleyule Dominick. Ina meko ya mawe yenye urefu wa mita 25 hivi, mawe yamepangwa tabaka kwa tabaka kama yalivyo kwenye korongo la Grand Canyon. Nilikaa mbele ya moto ule mchana wa Florida, nikakumbuka Karatu asubuhi ya mwezi wa saba.

Kuna pia Skyliner, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, tangu 2019, bure vilevile, vinaunganisha hoteli kadhaa na parki mbili. Panda kwa ajili ya mandhari. Ila Julai kule ni joto kali na mvua ya radi karibu kila alasiri, na radi ikianza Skyliner inasimama na maboti yanasimama. Kwa hiyo toka asubuhi, saa tisa mchana uwe ndani ya jengo lenye viti.

Maegesho: viwanja vya parki vinalipiwa. Disney Springs, eneo lao la maduka, kuegesha ni bure. Kwenye mabasi yao unaweza kuulizwa unakwenda hoteli ipi na kufanya nini. Jibu ni lilelile la getini, na nafasi ya chakula uwe nayo mkononi.

Umeuliza pia kama utaonekana mshamba. Dada, vaa vizuri unavyovaa Moshi ukienda Union Café, ingia kwa mlango mkubwa, salimia. Mimi niliporudi, Jumapili ya kwanza nilimchukua mama nikampeleka The Arusha Hotel, pale Mnara wa Saa, tukaingia mbele, nikaomba meza ya bustanini. Mhudumu alituletea chai na maziwa yake pembeni. Mama alikaa pale mpaka saa kumi na moja. Aliniuliza mambo ya Ijele, nikamwonyesha picha, akataka kujua nani anafuta vumbi kwenye kinyago kirefu namna ile.

Jambo la mwisho ni darubini. Pale Arusha Rock wanyama wengine wanasimama mbali chini ya miti, na watoto watagombana nani aangalie. Ninazo mbili ndogo za kazini, mwezi wa saba nitakuwa natumia moja. Ukipita Arusha kabla ya safari andika hapa, nitakuazima hiyo nyingine.