Bunduki za toi za Idi: rangi ya chungwa mdomoni yatosha?

SWALI: Asalam alaikum wakili. Nina kaduka ka nguo za watoto na toi hapa Lamu mjini, si mbali na Mkunguni. Idi yaja na watoto wakishapewa mkono wa Idi kitu cha kwanza kuulizia ni bunduki. Kuna mtu wa holseli Mombasa amenitumia picha za bastola za plastiki nyeusi tii, zingine zarusha vile vidonge vya njano, na moja ya chuma nzito inatumia gesi. Anasema zote ni toi tu, na nikiogopa nipake rangi ya chungwa pale mdomoni kama za Marekani, basi niko sawa. Mume wangu anasema nitafungwa. Nani mkweli? Na akija mtu mzima kununua nimuuzie? Mama wa duka, Lamu.

JIBU: Waalaikum salaam dadangu. Wote wawili wamekosea, ila mumeo amekosea kidogo na huyo wa Mombasa amekosea sana, manake amekutilia vitu vitatu tofauti kwenye katoni moja akaviita jina moja.

Tuanze na la kufungwa. Sheria yetu ya Silaha, ile Sura ya 114, inazitaja bunduki bandia kwenye kifungu cha 34, na kinachoadhibiwa pale ni mtu kuitumia au kujaribu kuitumia akiwa na nia ya kufanya uhalifu. Kitu chochote chenye sura ya bunduki, kitoe risasi kisitoe, kiwe plastiki au mti wa kuchonga, ukimtolea mtu umpore simu halafu ufike kortini useme "mheshimiwa hii ni toi", haikusaidii kitu. Na wakiwa wawili ndo balaa zaidi, kwa sababu kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu ni wizi wa mabavu hata kwa vile tu mwizi alikuwa na mwenzake, hapo hakuna haja ya kubishana kama bunduki ilikuwa ya kweli au ya uongo, na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Kuna vijana wanadhani bastola ikiwa ya plastiki basi na kesi nayo ni ya plastiki.

Sasa mtoto anayekimbizana na wenziwe mbele ya Ngome hana nia hiyo, na wewe uliyemuuzia pia huna. Hiyo Sura ya 114 ukiisoma mwanzo mwisho hutakuta mstari unaokwambia toi iwe rangi gani. Kwa hivyo kuuza toi peke yake si kosa la kifungu cha 34. Utakaposhikwa ni pale unapojua kabisa huyu anataka kwenda kuibia watu na bado unampa, kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayesaidia sawa na aliyetenda.

Hiyo ya chuma ya gesi iache, wala usiilipie. Forodha hawaangalii jina lililoandikwa kwenye boksi, wanaangalia kitu chenyewe kinaingia sura gani ya orodha ya bidhaa. Toi ziko sura ya 95, namba 9503. Silaha ziko sura ya 93, na ndani yake kuna namba 9304 ambayo ni ya bunduki za springi, za upepo na za gesi. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka silaha zote za sura ya 93 kwenye bidhaa zenye vizuizi, hazipiti bila kibali. Waweza kusema hiyo yako ni toi ya 9503, yawezekana hata ukashinda, lakini hutaki kuwa wewe ndo unayebishana hayo kando ya barabara ya Garsen kwenda Witu, basi limesimamishwa, katoni imefunguliwa na askari ameshika kitu cheusi kizito chenye magazini. Njia hiyo unaijua, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 mizigo ya kuja gati ya Mokowe inaangaliwa kwa jicho lingine kabisa.

Haya, rangi ya chungwa. Kweli Marekani wana sheria ya 1988, na kanuni zake zikaanza 1989. Inataka toi na bunduki bandia ziwe na kizibo cha chungwa kinachowaka, kikae ndani ya mdomo wa mtutu kisizidi milimita 6 kutoka ukingoni, ama mwili mzima uwe wa kuonyesha ndani au wa rangi kali. Huyo jamaa wa holseli amekwambia nusu ya kwanza tu, tena hiyo kazi ni ya kiwanda, si ya mama wa duka na kopo la rangi. Shida ya kizibo ni kwamba kinatoka, watoto wenyewe wanaking'oa, hawakitaki, wanaona kinaharibu sura ya bunduki. Cleveland, huko huko Marekani, mwaka 2014 mwezi wa Novemba polisi alimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, akiwa na bastola bandia ambayo ile alama ya chungwa ilikuwa imeshatoka. Aliyepiga simu alisema labda ni ya uongo, polisi wale hawakufikishiwa hilo neno, na gari kufika na risasi kutoka zilikuwa sekunde mbili hivi. Sekunde mbili nani ataangalia mdomo wa mtutu? Halafu polisi wa kule wameshakuta bunduki za kweli zimepakwa chungwa mdomoni ili zionekane toi, kwa hivyo hata askari akiiona hiyo rangi hana sababu ya kutulia.

Uingereza walifikiria vizuri zaidi kwa maoni yangu. Sheria yao ya 2006, iliyoanza kwa upande huu tarehe 1 Oktoba 2007, haiulizi habari ya mdomo, inauliza kama kitu kizima kinafanana na bunduki ya kweli. Kikifanana ni kosa kukitengeneza, kukiingiza au kukiuza, isipokuwa kwa watu wa filamu, tamthilia, makumbusho na kadhalika. Kikiwa chekundu, chungwa, njano, kijani, pinki, zambarau au buluu kali, au cha kuonyesha ndani, kinapita, na kilicho kidogo kabisa chini ya milimita 70 urefu na 38 kimo pia kinapita. Mji wa New York nao unakataa toi za bunduki za rangi nyeusi, buluu iliyokoza, fedha na aluminiamu. Kwa hivyo ukitaka kipimo cha duka lako chukua hicho cha mwili mzima, mtu aliye ng'ambo ya mtaa ajue ni toi bila kufikiria. Fikiria vichochoro vyetu baada ya Isha, taa moja ya manjano kule kwenye kona, kila rangi inafifia, kizibo cha ukubwa wa ukucha nani atakiona. Bastola ya maji ya pinki na kijani inaonekana ni ujinga tu hata gizani, na huo ujinga ndo tunaoutaka.

Kuna watu watakwambia mbona sisi tulicheza na bunduki za mgomba tukipigana vita mtaa mzima na hakuna aliyekuwa jambazi. Nakubaliana nao mia kwa mia, na hawa wanaosema toi inamfundisha mtoto ukatili mimi huwa siwaingilii kabisa, si kazi ya wakili. Lakini bunduki ya mgomba hakuna askari duniani ameiogopa. Hoja si roho ya mtoto, ni macho ya anayemtazama, awe polisi, mwenye duka la Mpesa au baba mwenye nyumba anayesikia hatua usiku. Na ndo maana naona hili lingewekewa masharti huko bandarini, kwa anayeleta kontena, maana ukimwachia mama wa Lamu aamue bidhaa gani ni hatari na mtoto wa miaka saba ndo mteja, mmewaonea wote wawili. Kupiga marufuku toi zote nako sioni faida, watachonga tu, na mti ukichongwa na fundi wa Lamu ukapakwa nyeusi utafanana kuliko hizo za China!

Zile za vidonge. Hapa nitakuwa mkali hata kama si mambo ya jela. Kidonge ni milimita 6, tundu la jicho ni kubwa kuliko hivyo, kwa hivyo mfupa unaotukinga na mpira au ngumi hapa haukingi kitu, kinaingia moja kwa moja kwenye mboni. Afghanistan mwaka 2015 baada ya Idi ndogo walipiga marufuku hizi toi kwa sababu sikukuu ile peke yake waliumia watu wasiopungua 184, karibu wote macho. Idi kama yetu, watoto wale wale wenye pesa mpya mfukoni. Mtoto akiumia jicho mzazi atakuja kwako, hatamtafuta mtu wa holseli, na kesi ya madai haihitaji uwe na nia mbaya, yatosha kuonyesha ulizembea. Ukiona lazima uziuze basi muulize huyo bwana cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirisha na stika ya KEBS, lile shirika la viwango, ya bidhaa za nje, akianza kuzungukazunguka umepata jibu lako.

Kama umeshalipa arbuni usimkatalie vivihivi. Mwandikie kwenye WhatsApp, si kwa simu, useme nabadilisha oda, nataka za maji na zile za taa na mlio, rangi kali mwili mzima, na hiyo ya gesi siitaki, umtajie na namba 9304 ajue umeuliza mtu. Weka risiti. Katoni ikija kwa basi itembee na invoisi iliyoandika wazi ni toi za aina gani na ngapi, manake anayeshushia mzigo Mokowe si wewe na hawezi kukujibia.

La mtu mzima ni rahisi ukishaacha nyeusi, kwa sababu anayetaka kutisha mtu hatanunua ya pinki. Cha kushangaza Uingereza ni kinyume, bunduki bandia haziuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, wao wanaona mkubwa ndo ana akili ya kuishika. Wewe akija baba ananunulia mwanawe muuzie. Akija kijana peke yake, anazikataa zote za rangi anataka uitoe ile nyeusi uliyobaki nayo ya mwaka jana na anauliza kama yafanana na ya askari, mwambie zimekwisha.