Rangi ya chupa

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Gemu gani inakuudhi na huwezi kuiacha?" Yangu ni Shattered Pixel Dungeon, naicheza kwenye simu hapa Wete. Haitaki bando, haina matangazo, na kwenye Android ni bure. Unashuka mapangoni mpaka tabaka la 26 kuichukua hirizi ya Yendor, ileile waliyokuwa wakiitafuta wachezaji wa Rogue, mzee wa gemu hizi, tangu 1980. Ukifa umekwisha: unaanza juu kabisa, na mapango yameshapangwa upya.

Maudhi yapo, tena makubwa. Unaokota deraya ya magamba tabaka la 3, inataka nguvu 16, nawe unazo 10. Ukiivaa unajikokota kama mtu aliyebebeshwa gunia la karafuu mbichi. Lakini lililoniuma kuliko yote ni tabaka la 10, kwa Tengu, adui mkuu wa tabaka hilo, yule anayerukaruka huku na huku. Nilikufa mkobani mna chupa mbili sijazifungua kwa woga. Huenda moja ilikuwa dawa ya kuponya. Usiku ule sikulala vizuri.

Na chupa hizohizo ndizo zinazonirudisha. Kila mchezo rangi zake hubadilishwa: ya dhahabu iliyokuponya jana, leo ni moto. Basi nimejifunza, baada ya kuungua mara nne, kuwa chupa nisiyoijua nainywa nimesimama majini. Ikiwa moto, unazimika papo hapo. Maji hayohayo kwenye tabaka la 5 ni adui, maana Goo, adui mkuu wa hapo, akiyakanyaga majeraha yake yanapona, kwa hiyo namvuta nchi kavu kwanza. Haya hukuambiwa na mtu. Unayaona, unayashika, na mapango yakipangwa upya unabaki nayo.

Ami yangu, mtu wa dhumna barazani, anasema hii ni kamari tu. Namkatalia kabisa. Yeye naye hapewi nafasi ya kuchagua kete, na bado wanaoshinda pale barazani, jioni baada ya jioni, ni walewale watatu wanne.

Hirizi sijaipata bado. Sasa hivi niko tabaka la 13, nguvu 14, nina chupa moja nyeusi nisiyoijua, na bwawa nimeliacha vyumba viwili nyuma. Narudi huko kwanza.

Msomaji wenu, Wete, Pemba