Kabla hujagusa algorithimu ya kutenganisha signali, kagua risiva zako

Wadau, hii kazi ya kukinga redio za spredi spektramu (zinazotawanya signali kwa msimbo maalum) dhidi ya jamingi (kuzibwa makusudi na signali nyingine) imenilia miezi, na muda mwingi niliupotezea mahali ambapo sikupaswa kabisa, ndo maana naandika.

Wengi tunaamini ukishatawanya signali kwenye masafa mapana basi umepona. Hapana. Kinga hiyo ina kipimo chake: mimi nilitumia chipu 31 (vipande vya msimbo) kwa kila biti, inakupa kama desibeli 15 (kipimo cha uwiano wa nguvu) basi, na jama wangu wa majaribio (jammer, yaani kifaa kinachoziba signali) alikuwa juu ya signali kwa desibeli 30, sasa hapo msimbo uwe mzuri vipi huambulii kitu. Hata GPS ya kiraia, yenye zaidi ya desibeli 40 za kinga hiyo, inazimwa na kidude kidogo cha kuchomeka kwenye gari, sababu signali yake ikifika ardhini iko chini ya kelele.

Ndo hapo kutenganisha kunapokuja. Antena mbili zinasikia mchanganyiko wa mtumaji na jama kwa uwiano tofauti, na kwa kuwa hao wawili hawategemeani, algorithimu kama FastICA inaweza kuwachambua bila kuambiwa nani yuko upande gani, unamtoa jama halafu kilichobaki ndo unakilinganisha na msimbo wako.

Mimi nilichukua risiva mbili za bei rahisi, kila moja na saa yake ya ndani (inayoiongoza kwenye masafa). Wiki tatu nabadilisha programu, matokeo ni takataka tupu! Kumbe kwenye megahezi 433, saa zikipishana sehemu 1 tu katika milioni, fezi (hatua ya wimbi) kati ya risiva inazunguka mara 433 kwa sekunde, wakati algorithimu inadhani mchanganyiko umetulia. Nikaunganisha zote mbili kwenye saa moja, nikarudia bila kugusa hata mstari mmoja wa programu, na kwenye grafu ya ulinganisho (inayoonyesha signali inavyofanana na msimbo) mwiba mrefu wa kuonyesha msimbo umepatikana ukasimama kila baada ya chipu 31. Nilikaa nauangalia tu.

Kingine, punguza geini (ukuzaji wa signali) ya risiva. Jama akishaijaza mpaka ikate vilele vya mawimbi, signali yako imeharibika kabla haijafika kwenye kompyuta na hakuna hesabu ya kuirudisha, na risiva za biti 8 zinajaa haraka mno. Na antena mbili zinamudu jama mmoja, wakiwa wawili tafuta antena ya tatu. Jama akikaa upande uleule wa mtumaji uwiano unafanana na hutatenganisha kitu, labda usogeze antena.

Tafadhali, majaribio fanyia ndani ya kebo, usirushe jamingi hewani, nchi nyingi ni kosa la jinai na unaweza ukamkatia mtu mawasiliano ya dharura. Tumia kebo za urefu tofauti ili kila risiva ipate mchanganyiko wake, na hifadhi sampuli ghafi kabla ya kuzichakata.