Maziwa Hayazuii Sumu ya Viuatilifu

SWALI: Ninafanya kibarua katika shamba la zabibu huku Mpunguzi, Dodoma. Kila nikimaliza kupulizia dawa ya wadudu, kichwa huniuma, macho huona ukungu na mate hunijaa kinywani hadi usiku. Tajiri hutunywesha maziwa kabla ya kazi, akisema yanatosha kutukinga. Je, ni kweli? Na nikiugua, gharama ni za nani?
Msomaji, Mpunguzi

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na dalili hizo usizichukulie kuwa ni uchovu tu. Baadhi ya viuatilifu, hasa vya kundi la oganofosfati, huvuruga utendaji wa neva, ndiyo maana mate na jasho huzidi na mboni za macho husinyaa. Maziwa huishia tumboni, ilhali sumu hiyo hupenya kwenye ngozi na kuvutwa kwa pumzi.

Kagua kwanza bomba lako la mgongoni. Mpira wa mfuniko ukichakaa, kila unapoinama kupita chini ya waya za mizabibu dawa huchuruzika na kulowesha shati, nawe kwa jua la Dodoma utadhani ni jasho, kisha utashinda na shati hilo hadi jioni huku mgongo ukifyonza sumu. Kibaya zaidi ni desturi ya kuzibua pua ya bomba kwa kuipuliza kwa mdomo. Tumia maji na kijiti laini. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa dawa. Najua koti la mpira ni mateso saa sita mchana, kwa hiyo pulizieni alfajiri, kabla ya jua kali na upepo.

Dalili zikirudi, acha kazi, vua nguo, oga kwa sabuni na uende hospitali ukiwa na lebo ya dawa, kwa kuwa daktari huchagua tiba, kama vile atropini, kulingana na aina ya sumu.

Kuhusu gharama, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na maziwa si kimojawapo. Aidha, waajiri wa Tanzania Bara hutakiwa kuchangia, bila kumkata mfanyakazi mshahara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao hugharamia matibabu ya anayeugua kutokana na kazi yake. Muulize tajiri kama amejisajili, mjulishe mapema unapougua, tena mbele ya shahidi, na utunze vyeti vyote vya daktari.